Yunia Kanisani, Maharagwe Sandukuni

Saa tisa alasiri, siku ya Ijumaa, mvua inapiga mabati ya jiko la klabu hapa Boito kwa nguvu hivi kwamba watu wanasemezana kwa kupaaza sauti. Yunia Bonareri ni msaidizi wa mpishi hapa. Amekunja mikono ya sweta hadi viwikoni, ameinamia sufuria nzito ya chuma, na ametega sikio.

"Bado," anasema hatimaye. "Bado yanagongana."

Anachota maharagwe kwa upawa, anayapuliza, anabonyeza moja kwa kidole gumba. Ganda linapasuka, lakini katikati pana ugumu kidogo. Anarudisha kifuniko na kusukuma ukuni mmoja ndani zaidi ya jiko.

Kesho, Jumamosi, uwanja wa klabu hii ya wafanyakazi utakuwa na fainali ya kombe la mashamba ya chai ya mwaka huu wa 1974. Wenyeji watacheza na timu ya shamba moja la upande wa Sosiot. Wachezaji, wageni na wanakamati watakula pamoja kabla ya mpira, na chakula chenyewe ni kimoja: maharagwe meupe yaliyopikwa polepole kwa nyanya, siki, haradali, sukari nguru na bekoni, ile nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi.

Aliyepika hatakuwepo kupakua. Atakuwa kanisani.

Yunia, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni Msabato. Tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi hawashi moto, hapiki, hanunui wala hauzi. Hata habari za kazi hazizungumzi. Kwa hiyo maharagwe yatabaki yakijipika yenyewe ndani ya sanduku.

"Mimi nafanya kazi yangu Ijumaa," anasema. "Jumamosi ni zamu ya sanduku."

Sanduku lenyewe liko pembeni mwa jiko. Ni la mbao nyembamba, la aina ile inayosafirisha chai ng'ambo, na ndani limebandikwa karatasi ya bati inayong'aa. Kiwanda kililikataa kwa sababu kona yake moja ilibonyea. Yunia amelijaza vifuko vya gunia alivyovishona mwenyewe na kuvishindilia makapi ya chai, zile nyuzinyuzi nyepesi za kahawia zinazopepetwa chai ikishakauka. Katikati ameacha shimo la kutosha sufuria, na si zaidi.

Chini ya sufuria huwekwa bamba la jiwe la sabuni, na juu ya kifuniko huwekwa jingine. Mawe hayo yalitoka Tabaka, katika nchi ya Wakisii, ambako kaka yake Bosire huchonga vinyago na bakuli. Vipande vilivyopasuka, ambavyo Bosire hana kazi navyo, Yunia huvichoma ndani ya jiko tangu asubuhi. Jiwe la sabuni huchelewa kupata moto, na huchelewa zaidi kuuachia.

Yunia pia hanywi chai, kwa sababu ile ile ya imani. Ndiyo kusema anaizungushia sufuria makapi ya kinywaji asichokunywa, ili iive nyama asiyoila.

"Ukilisema hivyo, linachekesha," anakiri. Kisha anageukia mlango. "Tecla! Hiyo nyama iko wapi?"

*

Nyama haijafika. Gari dogo la klabu lililokwenda mjini Kericho asubuhi limekwama kwenye matope, na habari hiyo imeletwa na mchuma chai aliyelipita njiani.

Tecla Chepyegon, mwoshaji vyombo wa klabu, anaingia akikung'uta maji kwenye kitambaa cha kichwa. Yeye ni Mkipsigis wa papa hapa Boito. Kazi yake imeandikwa kuwa ni vyombo, lakini bila yeye sufuria hii haipikwi. Yunia haishiki nyama ya nguruwe kwa mkono, wala haionji. Tecla ndiye anayeikata, anayeikaanga na anayeonja. Yunia husimama hatua mbili nyuma na kusikiliza mafuta.

"Mikono ni yangu, pua ni yake," Tecla anaeleza. "Ulimi pia ni wangu. Yeye ananiuliza, 'Tamu imezidi?' Mimi nasema, 'Imezidi.' Anasema, 'Uongo, onja tena.' Wee, huyu mama! Hajawahi kuonja hata tone, na bado anabishana na mimi."

"Kwa sababu ulikuwa umekula pipi," Yunia anamjibu bila kugeuka. "Niliisikia harufu."

Kuna wazee wa kanisa waliomwuliza kama si dhambi kuwapikia watu nyama iliyokatazwa. Alifikiri jambo hilo kwa wiki nzima kabla ya kujibu. Aliwaambia kwamba amri aliyopewa ni ya kinywa chake, na kwamba vinywa vya watu wa klabu vina wenyewe. Mzee mmoja hakuridhika, na hajaridhika hadi leo. Yunia anamwamkia kila Sabato, na mzee humwitikia.

Alikuja nchi hii ya chai mwaka 1957 kutoka milima ya Kisii, akimfuata mumewe Mogaka aliyekuwa amepata kazi kiwandani. Alichuma chai miaka saba, kikapu mgongoni, hadi mgongo ulipokataa. Mwaka 1964 akaingizwa jiko la klabu kuosha masufuria. Wakati huo klabu ilikuwa ya mameneja wa Kizungu, na mke wa mmoja wao, mama kutoka Amerika, alikuwa akiwapikia watu wake maharagwe haya siku nzima ndani ya oveni. Yunia aliosha sufuria yake kila juma na kukwangua yaliyogandia.

"Ukikwangua sufuria ya mtu, unajua siri yake," anasema. "Iliyoungua inakuambia sukari ilitiwa lini."

Mama yule aliporudi kwao, oveni ilikufa muda si mrefu baadaye. Klabu ikawa ya wafanyakazi wote, na wafanyakazi wakayataka yale maharagwe ambayo walikuwa wakiyanusa tu kutoka nje ya ua. Mpishi mkuu, Lazarus Gichana, alimwachia Yunia ajaribu kwa sanduku.

Jaribio la kwanza lilimwaibisha. Alichanganya kila kitu pamoja, maharagwe yakiwa bado magumu, akatia siki na sukari nguru, akafunga. Siku ya pili yalitoka ya moto, yananukia vizuri, na magumu kama yalivyoingia. Siki na sukari hufunga ganda la haragwe lisilainike. Watu walitafuna kwa adabu, kisha mmoja akauliza kama meno yanauzwa klabuni. Kwa miezi kadhaa Yunia akaitwa Mama Kokoto.

"Hata Baba Orina aliniita hivyo nyumbani," anasema, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao. "Mara moja tu."

Kwa hiyo sasa maharagwe hayaoni siki wala sukari mpaka yalegee kabisa. Na kuna jambo jingine ambalo hakulipata kwenye kukwangua. Oveni ya zamani ilikuwa ya kuni na iliacha ladha ya moshi. Sanduku halina moshi. Maharagwe yalikuwa mazuri, lakini watu walisema kuna kitu kimepungua, na hakuna aliyejua ni nini isipokuwa Tecla. Wakipsigis hukiandaa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, kwa kukisugua ndani kwa kijiti kinachowaka, hadi mkaa wake ulainike na kushika ukuta. Siku moja Tecla alichukua kijiti cha mti ule ule, akakiwasha, akaisugua sufuria tupu kabla haijatiwa kitu. Yunia alipiga kelele akidhani sufuria inachafuliwa. Jumamosi ile watu walilamba vijiko.

*

Saa kumi imepita. Maharagwe yameacha kugongana. Yunia anayahamishia kwenye sufuria iliyosuguliwa, anamimina nyanya na vitunguu, lakini hatii sukari nguru. Nayo inasubiri bekoni, kwa kuwa mafuta ya bekoni ndiyo huiyeyusha.

Joab Oyoo, meneja wa klabu, anaingia jikoni kwa mara ya nne. Ni mtu mrefu wa Nyanza, mwenye miwani na viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Alishika kazi mwezi Januari.

"Mama Orina, jua linaenda."

"Jua liko wapi, meneja? Mimi naona mvua tu."

"Yawa!" analalama kwa Kijaluo. "Usinifanyie mzaha. Nimesimama mbele ya kamati kwa ajili yako."

Hapo hasemi uongo. Lazarus Gichana alistaafu mwezi Juni na nafasi ya mpishi mkuu iko wazi. Kamati ilitaka ichukuliwe na mpishi wa hoteli moja ya mjini ambaye hana tatizo na Jumamosi, siku ambayo klabu hulisha watu wengi kuliko siku nyingine zote. Mpishi huyo angekuja na msaidizi wake, na Yunia angerudi kwenye kikapu cha chai. Joab aliomba apewe Jumamosi moja tu ya kumpima Yunia. Kamati ikachagua kubwa kuliko zote, ya fainali.

Tofauti kwa Yunia ni shilingi mia moja na ishirini kwa mwezi, yaani mshahara ungekuwa karibu mara mbili ya anachopata sasa. Lakini anapoulizwa kuhusu kazi hiyo, hataji mshahara. Anataja mgongo wake.

"Siwezi kubeba kikapu tena. Nikirudi shambani, nitarudi kama mzigo wa Baba Orina."

Nje kuna kelele. Dereva wa gari anaonekana kwenye ukungu, bila gari, suruali imelowa hadi magotini, amebeba kifurushi cha bekoni kichwani chini ya koti la mvua. Amekuja kwa miguu kutoka lilipokwama.

"Tecla, kisu!" Yunia anasema, na jiko zima linabadilika.

Tecla anakata vipande kwa kasi ya mtu anayekata sukuma wiki. Kikaango kinalia. Yunia amesimama nyuma yake, mikono imefungwa mgongoni, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Punguza moto. Inalia kwa sauti ya juu sana."

"Nimepunguza."

"Sasa geuza. Geuza, geuza! Sasa inanong'ona. Toa."

Sukari nguru ya soko la Sondu inazama kwenye mafuta na kugeuka rangi ya udongo. Siki inafuata, na moshi wake mkali unamtoa Joab nje akikohoa. Haradali. Yote ndani ya sufuria. Tecla anaonja.

"Chumvi iko sawa. Tamu iko sawa. Kali kidogo."

"Kali ya mbele ama ya nyuma?"

"Ya nyuma."

"Hiyo itatulia kesho. Wacha."

Sasa sufuria lazima itokote kikamilifu, na itokote kwa muda mrefu, ili joto lifike katikati ya kila haragwe. Hapo ndipo haraka hairuhusiwi. Sufuria iliyofungwa kabla ya wakati wake itatoka vuguvugu, na maharagwe vuguvugu ya tangu jana hayapaswi kuliwa na mtu. Yunia anajua hilo. Anajua pia kwamba saa ya ukutani iko karibu na kumi na mbili, na kwamba jua likitua atavua aproni, sufuria iwe tayari au isiwe.

"Na kama haitakuwa tayari?" Joab anauliza kutoka mlangoni.

"Basi itabaki motoni, na mimi nitakwenda."

"Unasema kweli?"

"Meneja, umenifahamu tangu Januari."

Joab anatazama dari. Mvua imekatika, na ukimya wake unasikika zaidi kuliko mvua yenyewe. Ndani ya sufuria mnatoka sauti nzito ya kutokota, kama mtu anayesafisha koo. Yunia anaihesabu kwa kutikisa kichwa. Haangalii saa tena.

"Mawe!"

Tecla na dereva wanachomoa bamba la kwanza jikoni kwa koleo na kulitumbukiza sandukuni juu ya majivu yaliyotandazwa ili vifuko visishike moto. Harufu ya chai iliyoungua kidogo inapanda. Sufuria inashuka, imeshikwa na watu wawili. Bamba la pili linakaa juu ya kifuniko. Vifuko vinashindiliwa kila upande, kisha juu, kisha kifuniko cha mbao, kisha blanketi kuukuu, kisha kamba.

Yunia anaosha mikono hadi viwikoni. Anatundika aproni.

"Tecla, kesho lifunguliwe mara moja tu, wakati sahani zimepangwa. Mtu asichungulie. Anayechungulia anakula moto wa wenzake."

"Hata akiwa meneja?"

"Hasa akiwa meneja," anasema, na anatoka kwenda nyumbani akitembea kwa haraka kwenye njia ya matope, kati ya michai, mwanga ukiwa bado unatosha kuona pa kukanyaga.

*

Jumamosi asubuhi Yunia yuko kanisani, amevaa gauni la bluu, Mogaka kando yake. Mahubiri yanahusu Danieli. Baadaye atakiri kwamba aliyasikia kwa sikio moja.

Wanarudi nyumbani mchana. Nyumba yao katika kambi ya wafanyakazi haiko mbali na uwanja, na upepo ukivuma huleta sauti zote. Wamekula viazi vitamu vilivyopikwa jana. Mpira haujaanza. Ndipo unaposikika mlio mkubwa wa watu, mrefu, unaopanda na kushuka.

Yunia anaweka sahani chini.

"Wanashangilia," Mogaka anasema.

"Au wanagomba."

"Hiyo ni sauti ya furaha."

"Baba Orina, wewe ulisema hivyo hivyo mwaka wa mgomo."

Mogaka anacheka, kisha anakumbuka ni siku gani na kufungua Biblia. Yunia naye anafungua yake. Mlio mwingine unakuja, halafu kimya, halafu filimbi ya mpira. Kwa mchana wote uliobaki hajui kama alichosikia ni kazi yake ikipatikana au ikipotea.

Jirani mmoja anapita akikimbia, anaingiza kichwa dirishani. "Mama Orina! Huko klabuni, wacha nikuambie..."

Yunia anainua kiganja. "Sabato njema, jirani."

"Lakini ni kuhusu..."

"Jua bado."

Jirani anasimama na mdomo wazi, kisha anaondoka akitikisa kichwa.

Jioni, ukungu umeshuka juu ya michai, wanafika watu wawili kwa mwendo wa haraka. Ni Joab na Tecla. Shati la Joab lina doa kubwa jekundu kifuani. Tecla anashikilia ubavu kama mtu aliyecheka au kulia sana, na usoni haijulikani ni kipi.

"Mama Orina," Joab anaanza, akihema, "leo, yawa, leo..."

"Karibuni. Ketini. Jua bado."

Joab anatazama nje. Kuna ukungu mweupe tu. "Jua gani? Nani anaona jua?"

"Halionekani, lakini lipo," Mogaka anasema kwa upole. "Saa yangu inasema bado dakika chache."

"Yangu inasema limeshatua."

"Ya kwako inakimbia, meneja. Kiwandani tunaijua."

"Basi fungua redio, tusikie saa."

"Redio haifunguliwi kabla Sabato haijafungwa."

"Na Sabato itafungwaje kama hatujui saa?"

Mogaka anafikiri. "Kwa saa yangu," anasema.

Tecla, ambaye ni Mkatoliki na hajawahi kuombwa anyamaze namna hii, amejifunika mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika. Yunia anawamiminia uji wa wimbi kutoka kwenye chupa ya moto. Anamtazama Tecla machoni akitafuta jibu. Tecla anafumba macho. Hata Yunia, mtu wa utaratibu, anajaza kikombe kupita kiasi na uji unamwagika mezani.

Mogaka anaanzisha wimbo wa kufunga Sabato. Una beti tano, naye si mtu wa kuruka beti. Joab anaimba kwa nguvu na kwa haraka, akiuvuta wimbo mbele. Mogaka anaurudisha nyuma. Inafuata sala. Mogaka anaombea wagonjwa, wasafiri, wanafunzi, mvua na viongozi.

"Amina," anasema.

"Walikula YOTE!" Tecla anapasuka.

Na hapo wote wawili wanasema kwa pamoja, na Yunia anawasikiliza akiwa amesimama, mikono kichwani.

Mambo yalikuwa hivi. Saa tano asubuhi mwenyekiti wa kamati alifika jikoni na kutaka kuona kama chakula kipo. Joab, ambaye hakuwa amelala, alishika kamba ya sanduku afungue kidogo tu. Tecla akaketi juu ya sanduku.

"Nikamwambia, meneja, hapa sitoki."

"Alikalia chakula cha kamati!" Joab anasema. "Nikamwambia, Tecla, mimi ni mkubwa wako. Akaniambia, 'Ndiyo, meneja, na mimi ni mzito wako.' Mwenyekiti akacheka mpaka akakaa chini."

Alikaa pale hadi sahani zilipopangwa. Kiti hicho, anasema, kilikuwa na joto zuri, na ndiyo maana yeye peke yake hakuwa na wasiwasi. Kamba ilipofunguliwa na kifuko cha juu kutolewa, bamba la jiwe halikushikika kwa mkono mtupu. Kifuniko kikainuliwa. Mvuke ulimziba Joab miwani, akarudi nyuma akamgonga mwenyekiti, na upawa wa kwanza wote ukamwagikia shati la Joab.

"Ndiyo ule mlio," Tecla anasema. "Watu waliona meneja amebatizwa."

"Na ladha?" Yunia anauliza. Ni neno lake la kwanza. "Ile kali ya nyuma?"

Tecla anaacha kucheka. "Ilitulia. Kama ulivyosema. Bekoni ilikuwa inakatika kwa kijiko. Mafuta yake yote yaliingia kwenye haragwe. Moshi unaupata mwisho, ukishameza." Anatafuta namna ya kumweleza mtu ambaye hataonja kamwe. "Ni kama unapokuja nyumbani umelowa, na mtu ameshawasha moto."

Yunia anaketi.

Kilichofuata Joab anakisimulia akiwa amesimama, kwa sababu hawezi kukieleza akiwa ameketi. Wachezaji wa nyumbani walipewa sahani moja kila mmoja, kwa amri ya kocha. Wageni kutoka upande wa Sosiot hawakuwa na amri hiyo. Walirudi mara ya pili, na wengine mara ya tatu, na mlinda lango wao aliifuta sufuria kwa mkate. Kipindi cha kwanza walisimama uwanjani kama wazee waliokuja kusuluhisha kesi. Walifungwa matatu kwa bila.

"Sasa wanasema ilikuwa mbinu," Joab anasema. "Wameleta malalamiko. Wanataka mchezo urudiwe wiki ijayo, huko kwao, na maharagwe yaliwe baada ya mpira. Kwa sharti moja: lazima yawe haya haya. Sufuria mbili."

Mogaka ameanza kucheka kwa sauti nyembamba ambayo hakuna mtu anayeijua.

"Na kamati?" Yunia anauliza.

Joab anavua miwani, anaifuta kwa sehemu safi ya shati. "Kamati imepiga kura jikoni, sahani mkononi. Mpishi mkuu ni wewe, Mama Orina. Jumamosi ni yako. Hakuna atakayekuuliza tena."

Chozi moja linamshuka Yunia, analifuta kwa mgongo wa mkono kama anavyofuta jasho la jikoni.

"Asante, meneja. Kuna jambo moja."

"Sema."

"Tecla aandikwe mpishi. Si mwoshaji."

Tecla anageuka. Ni dhahiri hawakupanga.

"Sufuria mbili, mimi sionji hata moja," Yunia anaendelea. "Ulimi ni wake. Na leo amekalia sanduku mbele ya mwenyekiti. Mwoshaji vyombo gani anafanya hivyo?"

"Mama Orina, nimetoka kukupa kazi sasa hivi, na tayari unanigomea?"

"Sikugomei. Nakueleza namna maharagwe yanavyopikwa."

Joab anamtazama Mogaka kutafuta msaada. Mogaka anatazama uji wake. "Haya," meneja anasema. "Jumatatu nitamwandikisha. Kamati ikiniuliza, nitasema alinikalia."

"Kongoi," Tecla anasema taratibu, kwa lugha ya kwao. Asante. Kisha anapiga vigelegele ambavyo vinafungua madirisha ya kambi nzima.

*

Yunia anapoulizwa anatarajia nini baada ya hapa, hajibu kama mtu aliyeanza kulifikiria leo. Anasema harusi nyingi hufungwa Jumamosi. Harambee nyingi hufanyika Jumamosi. Kila mahali, Kapkatet, Sosiot na hapa Boito, kuna wanawake wanaokosa sherehe ya watoto wao kwa sababu wamefungiwa jikoni na moshi. Anataka kuwa na masanduku yake mwenyewe, sita kwa kuanzia, yanayopakiwa Ijumaa na kupelekwa popote kwa gari au mkokoteni, mengine ya bekoni na mengine ya nyama ya ng'ombe kwa watu wa imani yake.

"Mama wa bwana harusi akae kwenye kiti, avae viatu," anasema. "Chakula kitajipika. Mimi nitakuwa kanisani, na wala sitakuwa na wasiwasi."

"Leo ulikuwa nao," Mogaka anamkumbusha.

"Leo nilikuwa na sanduku moja."

Amesimama tayari. Jumatatu kiwanda kitatoa masanduku yaliyokataliwa, na watu huyagombea kwa kufugia kuku. Mlinzi wa ghala ni mtu wa kwao, na zamu yake ya jioni imeanza sasa hivi. Yunia anavaa gambuti za Mogaka, zinazompwaya, na kumtupia Tecla koti.

"Malizia uji huo, meneja, utubebee taa," anasema akiwa mlangoni. "Nataka yale ambayo karatasi yake ya ndani haijachanika, na wewe una macho manne."

Joab anaumeza uji wote kwa mara moja, anachukua taa, na kuwafuata wale wanawake wawili ambao tayari wameshika njia ya kiwandani, wakibishana kwa sauti ya juu kama sufuria ya pili itahitaji siki zaidi au la.